Sosi ya machungwa na ndimu bila kuongeza sukari: mnaipikaje isiwe chungu?

Tantine_Ibanda (Bukavu)

Jambo yenu wote. Kila mara mtu akiuliza humu namna ya kupika sosi ya machungwa ya kulia samaki au kuku, jibu la kwanza ni "tia sukari vijiko vitatu". Mwingine anasema asali. Nimesoma hata wa kumimina soda ya machungwa ndani ya sufuria, jamani! Kwetu baba mkwe ana kisukari, na watoto sitaki wazoee kwamba kila chakula lazima kiwe kitamu. Basi ya kwetu haina kitu kati ya hivyo, na sahani zinarudi jikoni safi.

Naiweka hapa kama ninavyoipika. Mkiwa na za kwenu mlete.

Machungwa 3 yaliyoiva, ndimu 2, kitunguu 1 kikubwa, kipande cha tangawizi, punje 2 za kitunguu saumu, mafuta vijiko 2 vya supu, siagi kijiko 1, chumvi, na pilipili kadiri unavyoiweza. Hiyo inatosha watu 6, kama ni ya kumwagia juu ya samaki. Si mchuzi wa kuchovya bugali.

Kabla ya kukata chungwa, lioshe kwa maji ya uvuguvugu, lisugue, lipanguse. Halafu ukwaruze ganda kwa kikwaruzo chenye matundu madogo. Unachotaka ni rangi tu, ile ngozi ya juu yenye mafuta yanayorukia vidoleni. Ukianza kuona weupe, geuza upande mwingine, usirudie hapo. Ganda la machungwa 2 na la ndimu 1 linatosha. Liweke kwenye kisahani ulifunike, harufu yake ni nyepesi, inakimbia.

Kamua kwa mkono na uchuje mbegu papo hapo. Chungwa zima usilitie kwenye mikseri. Mbegu zikishasagika pamoja na ule weupe, hiyo sosi haina dawa.

Sasa kitunguu, na hapa ndipo wengi wanakosa subira. Kikate kidogo kidogo, kiweke kwenye mafuta na chumvi kidogo, moto mdogo, funika. Kama unatumia mbabula (jiko la makaa), punguza makala au sogeza mengine pembeni. Kiache robo saa na zaidi, ukikoroga mara moja moja, mpaka kilainike kabisa na kugeuka manjano ya dhahabu bila kuungua. Ukionja hapo utashangaa, kitunguu kimekuwa kitamu chenyewe. Tia tangawizi na saumu, dakika moja hivi, halafu mimina maji ya machungwa.

Chemsha bila kifuniko, kwenye sufuria pana ili yapungue upesi. Mwanzoni mapovu ni madogo na mepesi, yanakimbia juu. Baadaye yanakuwa makubwa, mazito, yanapasuka polepole. Pitisha kijiko katikati: ukiona chini ya sufuria kwa kitambo kabla sosi haijarudi kufunika njia, imefika. Yatakuwa yamebaki nusu.

Toa motoni. Hapo ndipo unatia maji ya ndimu, lile ganda ulilokwaruza, pilipili na siagi. Koroga mpaka siagi iyeyuke na sosi ing'ae. Onja chumvi. Ndimu na ganda havichemshwi, nawasihi.

---

Kadutu_Boy (Bukavu)

Tantine, aksanti, lakini bila sukari si itakuwa kali kama dawa ya minyoo? 😂

---

Tantine_Ibanda

Mwanangu, kali ni kitu kimoja, chungu ni kingine. Ukali wa ndimu unautaka, ndio unaoondoa mafuta ya sambaza (wale samaki wadogo wa ziwa) mdomoni. Na ukizidi, siagi na kile kitunguu vinaupoza, au unapunguza ndimu moja, basi. Uchungu ndio adui. Watu wengi wanatia sukari kwa sababu sosi yao imekuwa chungu: wamekwaruza mpaka weupe, wamesaga mbegu, wamechemsha nusu saa. Halafu wanaifunika kwa sukari, na bado ukimeza unausikia nyuma ya ulimi. Uzuie usiingie, utaona sukari haina kazi humo.

Na usiogope chumvi. Chumvi kidogo inazima uchungu kuliko unavyofikiri. Jaribu kwenye kipande cha pamplemusi (balungi) utaniambia.

---

Mwalimu_wa_Uvira

Mimi nafundisha kemia, mniruhusu niongeze kidogo kwa anachosema tantine, maana ana haki kabisa.

Chungwa zima likiliwa si chungu. Ndani ya utando wake na mbegu kuna kitu ambacho chenyewe hakina ladha. Ukilikamua, kitu hicho kinakutana na asidi ya maji ya chungwa na polepole kinageuka kuwa limonini, na limonini ni chungu sana hata ikiwa kidogo. Ndiyo maana juisi iliyokamuliwa jioni, asubuhi imebadilika. Moto unaharakisha mambo hayo. Kwa hiyo: chuja utando na mbegu mapema, kamua wakati wa kupika, na sufuria pana ili maji yapungue kwa muda mfupi. Pamplemusi ni habari nyingine, yenyewe ina kitu kichungu kinachoitwa naringini, ni chungu tangu mtini.

Lile ganda nalo: harufu yake inatoka kwenye mafuta yanayoitwa limonini... samahani, hapana, limonene. Majina yanafanana lakini hayana undugu wa kazi. Limonene ni harufu nzuri inayopaa na mvuke, ndiyo maana ganda linaingia mwisho. Ukilichemsha, jirani ndiye atakayefurahi harufu, wewe utabaki na makapi.

Na kwenye kuchagua, huku kwetu bondeni chungwa linaweza kuwa kijani na limeiva kabisa. Ganda hupoteza ukijani wake pale usiku unapokuwa wa baridi, na bonde la Ruzizi halina baridi hiyo. Mteja wa Bukavu anafika sokoni anadai ya manjano tu, anaacha matamu. Lipime mkononi: zito kuliko ukubwa wake, ganda laini na jembamba. Jepesi lenye ganda nene lina weupe mwingi na maji machache.

---

Bibi_Bagira

Mwalimu wewe nimekupenda. Mama za soko la Kadutu wananijua, napima moja moja mpaka wanachoka.

---

Muuguzi_Himbi (Goma)

Sosi nimeipenda, nitaipika. Ila tuseme wazi jambo moja kwa ajili ya wenye kisukari wanaosoma: "bila kuongeza sukari" si "bila sukari". Maji ya chungwa yana sukari yake, kama gramu 8 hadi 9 katika mililita 100. Machungwa 3 yanatoa karibu mililita 240, yaani gramu 20 hivi. Ukichemsha yakapungua nusu, maji ndiyo yamekwenda, sukari imebaki yote. Gawa kwa watu 6: kila mmoja anapata gramu 3 na kitu, chini ya kijiko kimoja cha chai. Kitunguu kinaongeza kidogo. Hiyo si ya kutisha. Lakini mtu akiigeuza supu akanywa bakuli zima, hesabu inabadilika.

Vile vijiko 3 vya supu vya sukari ambavyo tantine anavikataa ni kama gramu 36 juu ya hizo. Kwa hiyo tofauti ipo, tena kubwa.

Na kwa baba mkwe, kilicho karibu na sosi ndicho cha kuangalia zaidi: ule mlima wa bugali. Mara nyingi tunahangaika na kijiko cha sosi huku sahani ina kilima.

---

Papa_Nyawera (Bukavu)

Mimi nina swali, msinikasirikie. Asali ni kitu cha asili, nyuki wa Mungu wameitengeneza. Kwa nini mnaiweka pamoja na sukari ya kiwandani? Babu zetu walikula asali na hawakuwa na magonjwa haya. Mimi natia kijiko kimoja na sosi inatoka nzuri sana.

---

Muuguzi_Himbi

Papa, kwa heshima. Shirika la Afya Duniani katika mwongozo wake wa mwaka 2015 linaihesabu asali kundi moja na sukari ya kuongeza, pamoja na sharubati na maji ya matunda yaliyokamuliwa. Linashauri zote hizo zisizidi asilimia 10 ya nguvu tunayopata kwa siku, na ikiwezekana chini ya asilimia 5, ambayo kwa mtu mzima ni kama gramu 25. Mwili wa mwenye kisukari hauulizi sukari imetoka kwa nyuki au kiwandani.

Wewe kama huna kisukari, kijiko kimoja kwenye sufuria nzima hakitakuua. Ila isiitwe tena sosi bila sukari. Na nyumba yenye mtoto wa chini ya mwaka mmoja, asali asionjeshwe kabisa, hata kwenye ncha ya kidole.

---

Papa_Nyawera

Nimesikia. Babu zangu nitawaambia 😄 Lakini kijiko changu siachi.

---

Tantine_Ibanda

Papa, usiache, ila ukija kwangu utaonja ya bila kijiko halafu tuzungumze.

---

MichopoLushi (Lubumbashi)

Jambo bakubwa. Miye niko Lubumbashi, tunauzishaka michopo (nyama ya kuchoma) mangaribi. Bakiliya banaombaka sosi ya ndimu na pilipili, hii ya machungwa sijaipikaka. Niko na maulizo mbili. Inaweza kaa siku ngapi? Na tena miye niko na sufuria ya aliminiamu tu, inaharibishaka ladha ao hapana?

---

Mwalimu_wa_Uvira

Ndugu wa Lubumbashi, karibu. Asidi ya machungwa na ndimu inakula aliminiamu. Utaona: sufuria iliyokuwa imefifia, ukipikia ndimu ndani yake inatoka inang'aa. Ule weusi na aliminiamu kidogo vimeingia kwenye chakula, na ladha ya bati unaisikia. Bora inoksi (chuma kisichoshika kutu) au emaye (sufuria ya enameli) isiyobanduka. Kama huna, kitunguu kaanga humo humo, machungwa yapunguze upesi, kisha mimina sosi kwenye bakuli la kioo au la udongo na ndimu uitie huko huko kwenye bakuli. Usiiache ilale ndani ya aliminiamu.

---

Tantine_Ibanda

Kuhusu kukaa: chupa ya kioo safi, ipoe, frigo, siku 4 hadi 5. Mimi nyingine naigandisha kwenye vile vibati vya barafu, kisha natoa vipande viwili vitatu siku ya samaki. Inakaa hata miezi miwili, ingawa harufu ya ganda inapungua, kwa hiyo nakwaruza ganda jipya kidogo wakati wa kuipasha. Kama umeme wenu ni wa kuja na kwenda, pika ya siku hiyo na iishe.

Kwa biashara yako ya michopo nina jambo la kukufurahisha. Sosi yenye sukari ukiipaka nyama ikiwa juu ya makala, inaungua upesi, inakuwa nyeusi kabla nyama haijaiva. Hii ya kwetu haiungui haraka hivyo. Hata hivyo ipake mwishoni, nyama ikishaiva. Na gawa sosi sehemu mbili tangu mwanzo: ya kupakia nyama na ya kupelekea wateja mezani. Ile brosi iliyogusa nyama mbichi isirudi kwenye bakuli la mezani.

---

MichopoLushi

Aksanti mama. Hiyo ya brosi ni kweli, hapa bamingi banachanganyaka.

---

Kadutu_Boy

Sasa mimi nawaza kitu kingine. Naiweka kwenye chupa ndogo nzuri, nachemsha chupa ndani ya maji kama wanavyofanya jamu, naweka etiketi, nauza Nguba na Nyawera. Inakaa mwaka mzima. Nani ananiunga mkono?

---

Mwalimu_wa_Uvira

Mimi sikuungi 😅 Jamu inakaa kwa sababu ya sukari nyingi iliyomo, na hapa sukari ndiyo tumeitoa. Asidi inasaidia, lakini umeweka kitunguu, saumu, mafuta na siagi, ambavyo vinaharibu hesabu ya asidi. Na Bukavu iko karibu mita 1500 juu ya bahari, maji huko yanachemka kwenye nyuzi 95 hivi, si 100. Muda wa kuchemsha chupa ulioandikwa kwenye vitabu vya watu wa pwani hautoshi kwenu. Chupa inaweza kuonekana nzuri, haina harufu mbaya, na ndani ikawa na sumu ya kuua mtu. Iuze mbichi, ya frigo, na tarehe juu yake. Utapata wateja wa kila wiki, ni bora kuliko mteja wa mara moja.

---

Kadutu_Boy

Haya mwalimu, umenivunjia kampuni kabla sijaifungua.

---

Bibi_Bagira

Yangu mara nyingine inakuwa nyepesi kama chai. Naweza kutia maizena (wanga wa mahindi)? Na binti yangu anasema nitie bikabonati (soda ya kuokea) kidogo ukali upungue, ni kweli?

---

Tantine_Ibanda

Bibi, maizena unaweza, lakini kijiko kimoja cha chai kilichokorogwa kwenye maji baridi, na uitie dakika ya mwisho kabisa ya moto. Ikishakuwa nzito toa. Ukiendelea kuichemsha na asidi ile, itaanza kuwa nyepesi tena na utadhani umelogwa. Mimi lakini sipendi ule utelezi wake. Nachukua nusu ya kile kitunguu kilicholainika, nakiponda na mwiko au nakipitisha kwenye mikseri na sosi kidogo, narudisha. Inakuwa nzito yenyewe na ladha inaongezeka. Karoti ndogo iliyochemshwa ikapondwa nayo inafanya kazi, tena inaipa sosi rangi nzuri.

Bikabonati hapana. Inatoa povu, kweli ukali unapungua, lakini inabaki ladha ya sabuni. Na ukiua ukali wote umebaki na nini? Ndiyo maana ya ndimu kuwepo.

---

Papa_Nyawera

Pamplemusi je? Nina mti nyumbani, zinaoza chini.

---

Muuguzi_Himbi

Papa, kwa ladha inafaa, nusu pamplemusi nusu chungwa, na uongeze chumvi kidogo. Lakini kwanza uliza kila atakayekula anameza dawa gani. Pamplemusi inazuia kimeng'enya cha utumbo kinachovunja dawa kadhaa, basi dawa inaingia kwenye damu kwa wingi kuliko daktari alivyokusudia. Baadhi ya dawa za presha kama felodipini na nifedipini zimo, na simvastatini ya kolesteroli imo. Watafiti wa Kanada waliligundua kwa bahati: walitumia juisi ya pamplemusi kuficha ladha ya pombe katika jaribio la felodipini, wakaona dawa imepanda kwenye damu. Mwaka 1991 wakalichapisha. Na kula dawa asubuhi na pamplemusi jioni hakusaidii, maana athari yake inapita siku nzima.

Wazee wengi wenye kisukari wana presha pia. Kwa hiyo kwenye sosi ya baba mkwe, pamplemusi iache, na yale machungwa machungu ya kutengenezea jamu yaache pia, yana tabia hiyo hiyo. Machungwa ya kawaida na mandarini hayana neno.

---

Tantine_Ibanda

Hilo sikulijua, aksanti sana dada. Papa, zipe majirani vijana 😄

Mandarini mimi natumia msimu wake ukifika. Zina maji laini, ukali kidogo, kwa hiyo ndimu inapanda hadi 3. Ganda lake ni gumu kukwaruza maana linalegea mkononi, likwaruze kabla hujalimenya, ukilishika imara. Na maracuja (pasheni) moja ikitiwa mwisho, pamoja na mbegu zake, kwenye tilapia wa kuchoma... nyamazeni tu.

---

Bibi_Bagira

Mwisho wangu tantine. Jumamosi ya wiki ijayo tuna sherehe ya ubatizo, watu kama 40, sambaza na kuku. Nizidishe kila kitu mara saba?

---

Tantine_Ibanda

Hongera bibi! Hapana, si kila kitu. Machungwa 18 yanatosha, na vitunguu 7. Ganda usilizidishe hivyo, la machungwa 8 na ndimu 4 linatosha, likizidi linawasha ulimi. Ndimu anza na 8, halafu uonje ukiongeza moja moja, maana ndimu hazilingani. Chumvi vilevile, kwa kuonja. Tangawizi mara nne tu.

Na usipike kwenye sufuria moja ya arusi. Maji mengi yanachukua saa nzima kupungua, mwalimu ameshakueleza yatakavyokuwa. Gawa sufuria tatu pana, mbabula tatu, wapishi watatu. Vitunguu vinaweza kukaangwa Ijumaa jioni vikalala kwenye frigo. Machungwa yakamuliwe Jumamosi yenyewe, na mtu wa kukwaruza maganda umpe kazi hiyo peke yake, asiyependa kupiga domo.